Oili Nyekundu Ndiyo Inayovuta Gari

Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo na wanachama wa vikundi vyenye magari



Leo tunazungumza juu ya giaboksi. Hatusemi giaboksi ya lori, wala ya trekta. Tunasema giaboksi ya gari la otomatiki, yaani gari lisilo na klachi ya kukanyaga. Dereva anakanyaga mafuta na breki tu. Gia zinajibadilisha zenyewe.

Zamani magari haya yalikuwa ya watu wa mjini. Huku vijijini tulizoea Land Rover, Bedford na Isuzu, magari ya klachi. Siku hizi mambo yamegeuka. Magari yaliyokwisha tumika Japani yanashushwa bandarini Dar es Salaam kila mara, na mengi ni ya otomatiki. Noah, Probox, Succeed, IST, mnazijua. Zinapita katika njia zetu za vumbi. Zinabeba watu wa mnadani, magunia ya mahindi, wagonjwa, na mama mjamzito usiku wa manane. Sehemu nyingine watu wamezipa jina, wanaziita michomoko. Na vikundi vya kuweka na kukopa vinachanga fedha miaka miwili, mitatu, mpaka vinapata gari moja la biashara.

Haya basi. Tuseme kikundi chenu kina watu 30. Mmenunua Noah. Mwaka wa kwanza linafanya kazi vizuri. Mwaka wa pili, likipanda kilima, injini inapiga kelele nyingi lakini gari haliendi. Mnamwita fundi. Fundi anachungulia, anatikisa kichwa, anasema: "Giaboksi imekufa." Kununua nyingine ya mtumba ni fedha nyingi. Kuifunga ni fedha nyingine. Na hiyo ya mtumba nayo hamjui imetoka katika gari la nani, wala ilitunzwaje. Hapo hisa za watu 30 zimelala chini ya mwembe. Mama aliyeuza mbuzi wawili ili apate hisa yake anauliza: "Jamani, si lilikuwa linakwenda vizuri? Limepatwa na nini?"

Sisi mafundi tunaulizwa swali hili mara nyingi mno. Na mara nyingi jibu letu ni moja: oili. Oili ya giaboksi haikubadilishwa tangu gari linunuliwe. Au ilibadilishwa, lakini ikatiwa oili isiyo yake. La pili ndilo linalotuuma zaidi, kwa sababu wenye gari walitoa fedha wakidhani wanalitunza.

Oili hii inafanya nini?

Watu wengi wanafikiri oili ni oili. Kazi yake kulainisha vyuma visisagane, basi. Kwa injini hilo ni karibu na kweli. Kwa giaboksi ya otomatiki halitoshi kabisa. Humo ndani oili ndiyo inayovuta gari.

Chukua sufuria ya uji mwepesi. Koroga kwa mwiko. Uji wote unazunguka. Sasa chovya mwiko wa pili, uushike kwa ulegevu. Unaona? Uji unaubeba, unazunguka nao. Miko miwili haikugusana, lakini mmoja umeusukuma mwingine. Kilichopeleka nguvu ni uji.

Basi, kati ya injini na giaboksi kuna kitu cha duara kama chungu kilichofunikwa. Mafundi tunakiita konveta. Ndani yake mna magurudumu yenye mapanga, yanatazamana, na oili imejaa kati yao. Gurudumu moja linazungushwa na injini, nalo linairusha oili. Oili inalipiga gurudumu la pili, nalo linazungusha giaboksi. Ndiyo maana gari la otomatiki likisimama huku injini inawaka, haizimiki. Ni ule uji tu unakorogwa. Gari likishika mwendo mzuri, klachi ndogo iliyomo humo inayafunga magurudumu pamoja ili nguvu isipotee.

Kazi ya pili ni kubana. Mmekwisha kuona jeki ya oili inavyoinua lori. Mtu mmoja anapampu kwa mkono, lori linapanda. Ndani ya giaboksi mna sahani nyembamba nyingi, zimepangwa kama chapati. Gia inapobadilika, oili inasukumwa kwa nguvu ya namna hiyo ya jeki, inazibana sahani hizo zishikane. Oili ikipungua, pampu inavuta hewa. Hewa haina nguvu ya kubana. Sahani zinateleza badala ya kushikana. Zikiteleza zinapata moto. Zikipata moto zinaungua. Hiyo ndiyo habari ya gari linalopiga kelele kilimani bila kwenda.

Tena oili inapoza. Inatoka kwenye giaboksi kwa bomba, inapita ndani ya rejeta upande wake wa pekee, inapoa, inarudi. Kwa hiyo rejeta mbovu si ugonjwa wa injini peke yake. Na bila shaka oili inalainisha vile vile, lakini hilo mnalijua.

Oili iliyochoka, iliyoungua, iliyojaa unga wa sahani, haiwezi kazi zote hizi. Na moto ndio unaoichosha upesi kuliko kitu chochote.

Neno "haidroliki" limeua magari mengi

Sasa tufike kwenye jambo kubwa la leo. Dereva anakwenda dukani. Anasema: "Nipe haidroliki ya giaboksi." Muuzaji naye anasema: "Hii hapa, nyekundu." Wanapatana bei. Kwisha.

Ndugu, "haidroliki" si jina la oili moja. Kuna haidroliki ya trekta. Kuna ya usukani. Kuna oili za giaboksi za otomatiki za aina nyingi, na haziingiliani. Hata mafuta ya breki watu wengine wanayaita haidroliki. Mafuta ya breki yameandikwa DOT 3 au DOT 4 kwenye chupa. Ukiyatia kwenye giaboksi yanavimbisha mipira ya ndani, na umekwisha kuiua.

Je, tufanyeje? Tusome. Ninyi mmehitimu kisomo. Herufi zilizoko kwenye gari na kwenye kopo la oili mnazijua zote. Tuanze na wenzo wa gia, pale mkono wa dereva ulipo. Zimeandikwa P, R, N, D. Ni herufi za maneno ya Kiingereza, lakini maana yake ni rahisi. P ni kuegesha. R ni kurudi nyuma. N ni huru, gari halijashika gia. D ni kwenda mbele. Chini yake mara nyingi pana 2 na L, au B, au S. Hizi ni za kuzuia gari lisipande gia ndefu. Tutazirudia tukifika kwenye milima.

Sasa tazameni kopo. Oili ya otomatiki ya kawaida ina herufi ATF. Lakini ATF peke yake ni kama kusema "mbegu". Mbegu ya nini? Mahindi? Maharage? Baada ya ATF soma herufi zinazofuata. Kwa magari ya Toyota mtakutana sana na T-IV. Hiyo IV si herufi za neno. Ni namba 4 ya Kirumi. Mtakutana pia na WS. Hii ni nyepesi kuliko T-IV, ilikuja kwa magari ya baadaye, na moja haichukui nafasi ya nyingine. Kampuni nyingine zina herufi zao.

Kisha kuna CVT. Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo fedha za watu zinapopotelea. CVT nayo dereva anaiona ni otomatiki. Ina P, R, N, D vile vile. Lakini ndani haina gia za hatua kwa hatua. Ina mkanda wa chuma unaozunguka kwenye puli mbili, na puli hizo zinapanuka na kubana. Chuma kinashika chuma, na oili iko katikati. Oili ya CVT imetengenezwa ili chuma kisisagane, na papo hapo kisiteleze. Ni kazi ngumu hiyo. Ukitia ATF ya kawaida, mkanda unateleza, unakwaruza puli, na giaboksi imekwenda. Ukitia ya CVT kwenye giaboksi ya sahani, nako umekosea.

Mfano mmoja. Probox zilizotengenezwa tangu 2002 hadi 2014, zile za otomatiki, zilikuwa na gia nne za sahani. Kuanzia 2014 zikatoka na CVT. Zote ni Probox. Zote zinabeba magunia. Oili zake ni mbalimbali. Noah nayo ni hivyo, za mwanzo zilikuwa za gia nne, nyingi zilizofuata ni za CVT. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Mimi Noah yangu naitia hii na inakwenda," mwambie Noah yake siyo yako.

Na rangi? Rangi isikudanganye. Nyingi ni nyekundu. Watengenezaji waliitia rangi hiyo ili mtu akiona tone chini ya gari ajue: hii si oili ya injini, hii ni ya giaboksi. Lakini nyingine za CVT ni za kijani, na nyingine nazo ni nyekundu. Rangi inakuambia mlango tu, haikuambii chumba.

Mahali pa kusoma herufi zilizo sahihi ni kitabu cha gari. Vitabu vingi vinakuja kwa Kijapani, hilo tunalijua, lakini herufi ATF, WS na CVT huandikwa hivyo hivyo hata katikati ya Kijapani. Tena kwenye Toyota nyingi jina la oili limeandikwa kwenye kijiti chenyewe cha kupimia. Kifute kwa kitambaa, kielekeze kwenye mwanga, soma. Iandike kwenye karatasi. Nenda dukani na karatasi, usiende na neno la mdomo.

Mtuwie radhi tutoke nje ya njia kidogo, maana habari hii ni ya ajabu. Giaboksi ya otomatiki kamili ya kwanza iliyotengenezwa kwa wingi ilitoka Marekani. Kampuni ya General Motors iliianza 1939, kwa magari ya Oldsmobile ya 1940. Na kwa miaka mingi oili za kule zilichanganywa na mafuta ya nyangumi, yule mnyama mkubwa wa baharini. Mafuta yake yalifaa sana, kwa sababu yalizifanya sahani zishikane taratibu bila kushtuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ikapiga marufuku bidhaa hiyo kwa kuwa nyangumi walikuwa wanakwisha. Wenye viwanda wakahangaika kutafuta dawa nyingine za kuchanganya. Basi mjue, oili hii tangu mwanzo haikuwa maji ya rangi.

Kuipima

Gari lipo hapo nje, na tukimaliza tutalipima pamoja. Lakini kwanza mwelewe.

Oili ya injini hupimwa injini ikiwa imezimwa. Ya giaboksi ya otomatiki, kwa Toyota nyingi na magari mengine mengi, hupimwa injini ikiwa inawaka. Ukiipima kama ya injini utadanganyika. Honda nyingi ziko tofauti, hupimwa mara tu baada ya kuzima. Fuateni kitabu cha gari lenu.

Liendeshe gari kwanza, kilomita 15 au zaidi, oili ipate moto. Lisimamishe mahali tambarare kweli kweli, siyo penye mteremko. Vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu. Mguu ukiwa kwenye breki, pitisha wenzo polepole kutoka P mpaka chini, kisha urudishe P. Acha injini iwake. Mwenzako afungue boneti. Hapo angalieni: feni inazunguka. Pindeni mikono ya shati, khanga na mtandio vifungwe vizuri, vijana wa mashuka wakae mbali. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Kina alama mbili mbili. Pale palipoandikwa HOT ni kwa oili yenye moto. Pale COOL ni kwa oili baridi. Oili yenye moto iwe kati ya alama mbili za HOT. Ikiwa chini, imepungua, na oili haipungui bure, inavuja mahali. Ikiwa juu ya alama, imezidi, na hiyo nayo ni mbaya. Vyuma vinavyozunguka vinaipiga inakuwa povu kama sabuni, na povu halina nguvu ya kubana.

Sasa dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Karatasi ya daftari inatosha. Oili nzima ni nyekundu na unaona kupitia ndani yake. Ikiwa ya kahawia imeanza kuchoka. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, sahani zimekwisha kuteleza. Ukiona vipande vya chuma vinavyometameta, msitie gari barabarani kabla fundi hajaliona. Na ikiwa ni ya rangi ya waridi, nzito, kama uji wa maziwa, maji yameingia. Ama rejeta imetoboka kwa ndani, ama dereva alivuka mto uliofurika maji yakaingia giaboksini. Zima. Usiwashe tena mpaka maji yamepatiwa njia ya kutoka. Maji yanabandua ule utando uliogandishwa juu ya sahani, na hayachukui muda mrefu.

Kuna magari ambayo hayana kijiti. Giaboksi zake zimefungwa, na oili hupimwa kutoka chini, kwa nati ya pekee, oili ikiwa na joto linalotakiwa. Hiyo mwachieni fundi mwenye kipimo cha joto. Akija bila kipimo na kusema anajua kwa kugusa, mtafuteni mwingine.

Kuibadilisha, na maneno ya watu

Ibadilishwe lini? Kitabu ndicho kinachosema. Kwa gari linalofanya kazi nyepesi huenda ni kilomita 80,000 au zaidi. Lakini gari lenu linabeba mzigo, linapanda milima, linakula vumbi kutwa. Kwa kazi hiyo sisi tunashauri kila kilomita 40,000, isizidi 60,000. Na gari mlilonunua mtumba, msiamini namba za kwenye dashibodi. Kuna watu wanazirudisha nyuma. Hesabuni kwamba oili haijaguswa, mwanze upya.

Oili ikimwagwa kwa nati ya chini haitoki yote. Nyingine inabaki kwenye konveta. Kwenye gari dogo hutoka kama lita 3 au 4, na nyingine kiasi hicho inabaki. Kwa hiyo kingeni beseni safi, mpime iliyotoka kwa chupa tupu za maji za lita moja. Kilichotoka ndicho kitakachoingia. Zilitoka chupa tatu na nusu? Tieni tatu na nusu, kisha mpime kwa kijiti. Rahisi namna hiyo. Baada ya kilomita mia kadhaa rudieni tena, na oili itakuwa safi zaidi. Ikiwa sampo inafunguliwa, chujio lisafishwe au libadilishwe. Ndani ya sampo mna sumaku ndogo. Mkiikuta na tope laini la kijivu, msishtuke, ni uchakavu wa kawaida. Na gari lisisimamishwe kwa jeki peke yake mtu akiwa chini yake. Jeki huteleza. Wekeni magogo au stendi imara.

Kuna maneno yanazunguka vijiweni. La kwanza: "Gari likizeeka, usiibadilishe oili ya giaboksi. Ukiibadilisha inakufa." Neno hili lina chembe ya kweli ndani yake, ndiyo maana haliishi. Inakuwaje? Mtu anakaa kilomita 150,000 bila kubadilisha. Giaboksi inaanza kuteleza. Hapo ndipo anakumbuka oili. Anabadilisha Jumatatu, Ijumaa giaboksi inakufa. Anasema oili mpya ndiyo iliyoiua. Hasha! Ilikuwa inakufa tayari, alichelewa kuiita dawa. Hata hivyo, giaboksi iliyokaa sana na uchafu isisafishwe kwa mashine ya kusukuma oili kwa nguvu, maana uchafu unaweza kung'oka na kuziba vijitundu. Mwaga kwa nati, tia, endesha, mwaga tena. Polepole. Na kama inateleza tayari, fundi asiwaahidi kwamba oili itaiponya.

La pili: "Hii ni oili ya maisha. Kiwandani wamesema haibadilishwi." Maisha ya nani? Kampuni ya ZF ya Ujerumani inatengeneza giaboksi za otomatiki kwa viwanda vingi vya magari. Yenyewe inashauri oili ibadilishwe kila kilomita 80,000 hadi 120,000, au kila baada ya miaka 8. Mwenye kutengeneza giaboksi akisema hivyo, sisi ni nani tubishane naye?

Udereva

Hapa tutakwenda haraka, isipokuwa mambo machache.

Gari likikwama matopeni, dereva asikae anakanyaga mafuta magurudumu yakizunguka bure, mara D, mara R, mara D. Dakika chache za namna hiyo zinaichemsha oili kuliko safari nzima. Shusheni abiria. Wekeni matawi na mawe. Sukumeni. Noah ya viti 8 iliyojazwa watu 14 na magunia juu nayo inachemsha oili yake kila kilima.

Kushuka mlima, kama Kitonga, Sekenke, au ile njia ya kutoka Lushoto kwenda Mombo, kuna madereva wanaweka N, wanasema wanaokoa mafuta. Wanaita kuachia fri. Huko ni kucheza na roho za watu. Breki peke yake zinabeba gari zima, zinapata moto, zinalegea. Shukeni na 2 au L, na kwa CVT B au S, injini isaidie kulishika gari.

Betri ikiisha, gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukuma. Vijana msijichoshe. Pampu ya oili inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa hakuna oili inayobana sahani, kwa hiyo magurudumu hayawezi kuizungusha injini. Tafuteni gari jingine, mwunge waya za betri.

Kwa sababu hiyo hiyo, msilivute gari la otomatiki kwa kamba masafa marefu huku magurudumu yanayoendesha yako chini. Giaboksi inazunguka kavu. Noah, Probox na IST nyingi zinaendeshwa kwa magurudumu ya mbele. Hayo yainuliwe. Kama gari linaendeshwa kwa magurudumu yote manne, lipakizwe zima juu ya lori. Tunajua kukodi lori kunauma. Lakini kuna gari tuliloletewa gereji na ugonjwa mdogo tu, waya wa plagi, na lilikuwa limevutwa kwa kamba kutoka wilaya ya jirani. Waya tuliurekebisha kwa dakika 10. Giaboksi ilikuwa imekwisha.

Mkienda kununua, fikeni asubuhi, mguse boneti. Ikiwa ina moto, muulizeni mwuzaji kwa nini ameliwasha mapema. Giaboksi mgonjwa huficha mambo mengi, na mengine huonekana likiwa baridi, mengine likipata moto. Mlione katika hali zote mbili. Mguu kwenye breki, toa N weka D. Mtasikia gari linashika, kama mtu aliyeguswa bega. Lishike upesi, lisizidi sekunde moja na nusu. Mkihesabu mpaka tatu halijashika, au likishika kwa kishindo, funga boneti, mshukuruni, mwende kwa mwingine.

Oili chafu iliyomwagwa isitupwe mtoni wala karibu na kisima. Iwekeni kwenye dumu lenye mfuniko, mbali na watoto, mpaka gereji ya mjini au mnunuzi wa oili chafu aichukue. Wengine wanapaka mbuzi wenye ukurutu. Acheni, ina sumu.

Jambo la mwisho ni daftari. Kila gari la kikundi liwe na daftari lake, likae kwa mwekahazina, si kwa dereva. Kila mwezi mtu apime oili na aandike. Hivi:

"Tarehe 4. Kilomita 142,300. Oili ya giaboksi imepimwa na moto. Ipo kati ya alama. Rangi nyekundu. Harufu ya kawaida."

Siku ya kubadilisha mwandike zaidi:

"Imetoka lita 3 na nusu. Imeingia lita 3 na nusu, ATF T-IV. Makopo tumeyaona yakifunguliwa. Nyingine kilomita 182,300."

Hayo maneno ya makopo msiyaache. Mwanachama mmoja awepo, asome kopo kabla halijafunguliwa, aweke sahihi yake. Fundi mzuri hatachukia.

Haya, gari limetoka kuendeshwa sasa hivi, lina moto wa kutosha. Tutoke nje. Mama mwenye daftari la kikundi, tangulia na kalamu, wewe ndiye utakayetusomea kijiti.